Namba ya Mgahawa wa Duvall

Pell Creek, Kentucky
Jumapili

Dada yangu Graciela,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Chicago imeanza kuwahurumia. Sisi tupo. Baba ameshaanza kusia mbegu za tumbaku. Mama anakusalimu; kikohozi chake hakijaondoka, bado anakiita mafua.

Uliuliza kampeni yetu ya kuzuia sigara kwenye baa na migahawa imefikia wapi. Dada, tumechoka. Tangu Septemba nazunguka na Bi. Wilma, yule muuguzi mstaafu mwenye goti bovu. Yeye huongea, mimi hushika karatasi za saini. Huku tumbaku ndiyo iliyojenga nyumba za watu, kwa hiyo wanatusikiliza kwa adabu, wanatukaribisha keki, hawasaini. Mzee mmoja alimwambia Bi. Wilma kwamba kama anataka hewa safi akalale na ng'ombe. Naye akamjibu kwamba amelala na mvuta sigara miaka thelathini, ng'ombe hawamtishi. Huyo alicheka akasaini.

Kisha tukapata kipima hewa, kidogo kama redio ya mkononi. Unakificha mkobani, unaagiza chakula, unakaa saa nzima, unaandika namba; ikiwa kubwa, moshi ni mwingi. Bi. Wilma anajulikana mno, kazi ikawa yangu. Alinitania kwamba mimi nikikaa, hata kiti hakina habari.

Jumanne iliyopita sheria ya kuzuia sigara ilisomwa kwenye baraza la madiwani mara ya kwanza. Diwani Stidham aliinua jedwali letu la namba za hewa akasema baa zina moshi, sawa, lakini tazameni mgahawa wa Duvall. "Hewa yake safi kama ya kanisani. Na wanaosema hivyo ni wao wenyewe, si mimi." Wakaiondoa migahawa yote kwenye sheria. Bi. Wilma alikaa garini muda mrefu bila kuwasha injini, kisha akasema labda ameshazeeka, labda amewasumbua watu bure.

Mimi nilikuwa kando yake, najua kosa si lake.

Dada, namba ile ya Duvall niliighushi. Unajua Mama ana miaka sita anabeba sinia kwa Duvall. Siku nilipokwenda kupima, Duvall mwenyewe aliniletea pai ya bure, akamsifu Mama mbele yangu. Mkobani kipimo kilisoma mia tatu na kumi, zaidi ya baa zote. Niliogopa watamfukuza Mama kwa ajili yangu. Nikatoka, nikapima upya kwenye maegesho ya magari, nikaandika kumi na mbili.

Jana nilimweleza Mama, alipotoka kazini. Nilingoja anigombeze. Alikohoa kwanza, kisha akasema, "Kazi ni yangu, mwanangu. Kuogopa kuipoteza niachie mimi." Akavua aproni yake, akainusa, akanipa. "Nenda nayo. Sauti ikikataa kutoka, wape wanuse."

Sheria inasomwa mara ya pili Jumanne hii, na madiwani bado wanaweza kuibadilisha. Kesho nikitoka shule nitapita kwa Bi. Wilma nimwambie ukweli. Hilo naliogopa kuliko baraza lenyewe. Jina langu ni la nne kwenye orodha ya wasemaji. Aproni nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki ili harufu ya sigara isipotee.

Nisalimie shemeji Tomás, na mtoto umbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Yesenia