Vumbi Nililolilaza Mwenyewe

Machimboni, Geita

Mwangaluka, Mama Kulwa. Hapo Ngokolo mmeamkaje? Goti lako limeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, vijana huku wananiita Chuma.

Nakuandikia habari ya kibao usije ukaisikia kwa watu. Unajua nimeendesha malori ya pamba tangu Kulwa hajazaliwa, na sijagonga hata kuku. Huku naendesha boza, namwagia maji barabara za mgodi ili vumbi lilale. Sasa kwenye njia panda ya Kharumwa wameweka kibao chekundu cha kusimama. Msimamizi wetu, kijana wa rika la Shija wetu, akaniambia, "Mzee, hapo tairi lisimame kabisa. Ukipita tena hivihivi, unarudisha ufunguo."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi gari naliona likiwa bado nyuma ya kilima. Naangalia vumbi. Hakuna vumbi, hakuna gari."

Basi Jumanne nikafika pale. Kulia hakuna vumbi, kushoto hakuna. Nikapunguza mwendo kidogo, nikapita. Kumbe baiskeli imeshafika, bwana mmoja kampakia mkewe. Nikakanyaga breki, boza likayumba kwa yale maji, wao wakaingia mtaroni. Yule mama kafunga kitenge cha njano kama chako cha kanisani. Nikashuka mbio, nikawavuta watoke.

Hawakuumia, ni tope tu. Nikawaambia sikuona vumbi. Mama yule akajifuta uso, akasema, "Baba, vumbi utalionaje, na barabara umeimwagia maji wewe mwenyewe asubuhi?" Mumewe akacheka. Mimi nikainama, nikaitoa baiskeli yao mtaroni.

Msimamizi hakuona. Nikamfuata mwenyewe nikamweleza, maana sijifichi nyuma ya mtu. Akachukua ufunguo, wiki nzima nikavuta mpira wa maji kwa miguu. Jana kanirudishia.

Msalimie mama mkwe, na shemeji Ngasa na ng'ombe wake. Kulwa anayejifunzia gari la mjomba wake, mwambie kibao ni cha kusimama, asitafute vumbi.

Mimi sasa nasimama hata pakiwa patupu, na kwa kusimama hakuna wa kunishinda mgodi huu mzima. Wenzangu wanahesabu moja, mbili, tatu. Mimi natazama pande zote huku nataja wanetu: Kulwa, Dotto, Shija. Nikiwamaliza wote watatu ndipo natia gea.

Ni mimi mumeo,
Baba Kulwa