Kalkuleta Uliyomwachia Dada Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Kifua je? Sisi ni wazima wa mwili. Mama yako goti linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Nami mama yako mdogo bado nashona.

Sasa kaa chini. Nina habari ya dada yako na siwezi kuipaka sukari.

Wiki iliyopita kalkuleta ya wodi ya watoto iliharibika, akaenda kazini na ile uliyomwachia uliposafiri. Kulikuwa na mtoto mchanga wa kupewa dawa ya moyo. Dada yako akapiga hesabu, akapata 0.1. Kule ni lazima muuguzi wa pili arudie hesabu mwenyewe, wasiaminiane tu. Mwenzake akarudia, naye akapata 0.1, kwa kalkuleta ile ile. Jibu la kweli lilikuwa 0.05. Mtoto akapewa dawa mara mbili ya kipimo chake.

Yu hai, namshukuru Mungu. Moyo ulipiga polepole mno, wakakesha naye, na jana alianza kunyonya vizuri.

Fundi wa vifaa vya hospitali ndiye aliyeona neno FIX, dogo kama chawa, juu ya kioo. Akasema kalkuleta imeamriwa kuonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta, na tano inayofuata huipandisha kuwa moja. Ndani inajua 0.05, nje inasema 0.1. Dada yako alipotusimulia hayo, nikasema hata wateja wangu hunitajia viuno vyao hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Dada yako amesimamishwa kazi, na Alhamisi anaitwa mbele ya kamati. Atawaambia aliibonyeza vibaya mwenyewe alipokuwa akiifuta vumbi. Anataka kuacha uuguzi kabisa. Jana jikoni alishika kijiko cha chumvi, akashindwa kukimimina, akaniuliza, "Ma'mdogo, hiki ni kimoja kweli?" Nilitoka nje nikalia.

Mwanangu, nakukumbuka ukikata vioo vya madirisha hapa uani, penseli sikioni, ukijisifu kwamba umeitia adabu kalkuleta yako isikuletee mikia ya tarakimu, maana nukta moja yamtosha fundi. Dada yako alikuwepo, tukacheka wote. Siku ile ya dawa hakukumbuka. Sasa amekumbuka, najua, kwa sababu ametukataza kukuambia lolote, ati uko mbali na huna mtu wa kukushika mkono.

Sikulaumu. Kwa dirisha ulikuwa sahihi. Lakini nimechoka kumtazama akiubeba mzigo wa watu wawili.

Ningekupigia simu, ila kuta za nyumba hii unazijua, naye yuko chumba cha pili. Barua hii anakuletea binamu yako anayepanda ndege kesho. Mkaribishe vizuri, mlafi yule.

Mama yako anakusalimu sana. Mjomba wako anauliza kama umenenepa. Dada yako hakusalimu, kwa kuwa hajui naandika.

Mungu akulinde na akupe moyo wa kiume. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie yeye, kabla ya Alhamisi, umwambie ni wewe.

Wako akupendaye hata ukikasirika,
Mama yako mdogo