Mwangoka Amerudi Kubishana

Jumamosi, Mwaya

Nimeshindwa leo, na furaha niliyo nayo ni ya mshindi.

Tangu tumzike Mwangoka, rafiki yangu wa mabishano, niliogopa kwamba nitazeeka nikibishana na magazeti. Miaka yote alishikilia kuwa mrithi akipewa jina la marehemu, huwa ndiye marehemu yule yule. Nami nilimjibu kwamba mtu ni kumbukumbu zake, jina ni koti tu.

Leo mdogo wake, Ambilikile, aliyerithishwa jina hilo juzi, amekuja barazani kwangu akaketi kwenye kigoda cha kaka yake bila kukaribishwa.

"Ndaga, mwalimu," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Tuliishia wapi?"

"Mimi na wewe hatujaanza! Unakumbuka neno la mwisho aliloniambia marehemu?"

"Sikumbuki. Na wewe, unakumbuka siku uliyozaliwa?"

"Hapana."

"Basi, kwa hoja yako, aliyezaliwa ni mtu mwingine. Mama yako alimnyonyesha nani?"

Nilipiga meza, nikapaza sauti, nikatafuta jibu mpaka chai ikapoa.

Wakati wa kuagana nikasema, "Kesho usichelewe, Mwangoka." Labda ulimi uliteleza, au labda...

Akaitika.