Nyumba Niliyotaka Ivunjwe Jeddah

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Riyadh bibi yako mzima, na ikama zetu, vibali vya kuishi hapa, zimeshatoka. Unauliza kama ile nyumba ya mawe mnayoikarabati huko Ufaransa, kwenye kijiji chenu cha kando ya mto, si bora ivunjwe tu, maana imepinda.

Nami niliwahi kusema hivyo, tena kwa kelele. Mageuzi ya nchi hii ya Saudia yalipoanza, nilipelekwa kama mhandisi Jeddah kukagua nyumba kongwe ya matumbawe. Nikaandika: ivunjwe. Fundi mmoja mzee, Myemeni, akaniuliza, "Mhandisi, umeupekua ukuta?"

"Macho yananitosha."

"Halas, basi! Hata wewe kwa macho yangu umepinda, nikuvunje?"

Akakwangua chokaa. Ndani, kila baada ya safu chache za mawe, waashi wa zamani walilaza mbao ukuta mzima, ili nyumba iiname bila kupasuka. Zuhura, mimi ninayebishana hata na redio nilisogea hadi ukutani. Nilipapasa zile mbao kama kipofu, kisha nikaichana ripoti yangu.

Juzi nilipokwenda Jeddah nilipita pale. Imeinama vilevile, na ghorofani mtu ameanika nguo.

Babu yako, Riyadh