Vijitabu vya Suluhu na Mchele wa Maulidi

Kibokoni,
Mombasa.
19 Julai 1998

Mpendwa mwanangu Aidarus,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii yakukuta mzima huko Morogoro, wewe na mkeo Areeba na huyo mtoto mliyeruzukiwa. Je, kifua chakupa nafuu na baridi ya huko? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila goti langu, na hilo ni la umri.

Vile vijitabu vitatu vya amani ulivyotuchagulia vilifika salama. Twavisoma Alhamisi baada ya darsa ya alasiri, mimi na wanawake wa mtaani. Ajuaye sana awasomea wenzake, nami nafuata kwa kidole. Kile cha hadithi za majirani kimependwa hata jalada limetatuka. Cha kufundisha watoto nimempa ustadhi wa chuoni. Hicho cha kusuluhisha watu ndicho nilichotaka kukusimulia.

Wamjua Zilpah, yule fundi cherehani mtu wa bara tunayepakana naye ukuta. Mwaka jana, vurugu za Likoni za kuwafukuza watu wa bara zilipotutia hofu hata huku kisiwani, alikimbia na wanawe akabisha kwa Khairunnisa, Mama Danish, mke wa muuza vitambaa hapo mbele. Hakufunguliwa. Tangu siku hiyo hawakuamkiana, na mwezi jana Zilpah akaniambia anahama, arudi kwao. Moyo uliniuma, Aidarus. Nilipougua, ndiye aliyenipikia uji.

Basi tukafuata kitabu. Chasema waliokosana wakae wakielekeana, kila mmoja aseme uchungu wake, wengine wasikize bila kumkatiza. Nikaweka viti viwili ukumbini, sisi chini mkekani. Sikufikiri! Kwetu ni nani akaaye kitini watu wakamtazama, kama si bibi harusi au mshitakiwa? Bi Kadzo, nawe waujua ulimi wake, akauliza, "Sasa Kadhi yu wapi? Au twamngoja bwana harusi?" Watu wakaangua kicheko. Khairunnisa akajifunika uso kwa buibui, na Zilpah akaondoka, hata kahawa hakunywa.

Nilidhani yamekwisha. Lakini wiki ya Maulidi tulikuwa twachagua mchele wa pilau, kila mtu na uteo wake, Zilpah akaja kuniaga. Alikuwa ameshapatana na Kazungu wa lori amchukulie vyombo mwisho wa mwezi. Bi Kadzo hakumpa nafasi: "Kwenda utakwenda, lakini mawe haya hayajitoi yenyewe. Kaa, mama!"

Akakaa. Tukachagua, macho kwenye mchele. Khairunnisa, bila kuinua kichwa, akasema, "Nilikusikia ukibisha. Nilisimama mkono kwenye komeo. Niliogopa, Zilpah."

"Nilijua uko, Mama Danish. Nilisikia bangili zako."

Hakuna aliyecheka, hata Bi Kadzo. Khairunnisa akalia mpaka akawa haoni anachochagua, na Zilpah akauvuta ule uteo akammalizia. Hawakukumbatiana, nisikudanganye.

Ukikutana na waandikao vitabu hivyo, waambie huku kwetu neno zito hutoka mikono ikiwa kazini. Ila wasiufute ule ukurasa wa kumwacha mtu aseme bila kukatizwa. Huo ni wa kweli. Tuletee vingine, mwanangu, vya herufi kubwa. Na kama kipo kimzungumziacho aliyeogopa, si aliyepiga tu, kitangulize hicho.

Jana Kazungu alipita kuuliza siku ya kupakia. Zilpah akamjibu dirishani, cherehani haijasimama, kwamba mwezi huu hapana. Hakusema kuwa hatahama. Nami huku upande wangu wa ukuta nikamshukuru Mola kwa huo mwezi mmoja. Tuombee upatikane na wa pili.

Nisalimie Areeba, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Babako Athmani akusalimu, asema kalamu yako imekauka kwake tu. Bi Kadzo naye asema usinenepe.

Mola akuhifadhi uendako na urudiko, na nyumba yako aijaze masikilizano.

Ni mimi shangazi yako akupendaye kwa moyo wote,
Mejumaa