Asumani Ameshindwa, na Yuko Mzima

Mama yangu mpendwa,

Salamu alaikum. Kabla Zaina hajasoma mbali, nikwambie kwanza: Asumani yuko mzima. Mke wake Aline ni mzima, watoto ni wazima, nyumba yao ina paa na madirisha yote. Sasa kaa vizuri, umwache dada asome polepole.

Wewe hali yako? Na mguu? Zaina ananiambia siku hizi unafika msikitini bila kupumzika njiani, nikafurahi sana. Mvua bado inaingia upande wa jikoni? Mimi mwili uko, ila mikono imechoka. Bado niko kwenye kile kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Mashuka makavu ni mepesi, lakini yakitoka mabichi kwenye mashine, yote yamesokotana, kuyavuta ni kama kuvuta pirogi ya mvuvi kwenye mchanga. Jioni nashindwa hata kufungua vifungo vya shati. Lakini kazi ipo, tunamshukuru Mungu.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kuna mama mmoja wa kwetu anayerudi Kisangani na amekubali kukuletea. Tena kwa simu ulikuwa unalia, sikuweza kueleza kitu.

Ulikasirika kwamba Asumani alikuficha habari ya kugombea. Mama, hata mimi alinificha. Nilirudi kazini, nikakuta karatasi imesukumwa ndani kupitia tundu la mlangoni, ina sura ya mdogo wangu na jina lake kwa herufi kubwa. Nilidhani anatafutwa na polisi. Nikampigia palepale.

"Leki, mdogo wangu, umefanya nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Yaya, kaka yangu, nagombea. Conseil ya mji."

Hiyo conseil, baraza la mji, si serikali ya nchi. Ni watu wanaoangalia takataka, taa za barabarani, bustani za watoto. Mtaa wao una panya wengi kwa sababu mapipa yanakaa muda mrefu bila kuzolewa, na Asumani alikuwa analalamika sana, mpaka watu wa chama kimoja wakamwambia basi simama wewe. Yeye ana uraia wa huku, anaruhusiwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alitaka kupigana na panya.

Lakini mimi kichwani niliona kitu kingine, sawa na wewe. Niliona mjomba wetu, tonton Salumu, aliyegombea akashindwa, siku ile matokeo ya jimbo yalipotoka, vijana wanang'oa mabati ya nyumba yake kule Lubunga, na yeye anavuka mto na watoto, hana hata viatu. Wewe ndiye uliyewapikia. Usiku ule ulisema hakuna mtoto uliyemzaa atakayebandika sura yake ukutani aombe kura. Maneno hayo hayakunitoka.

Kwa hiyo nilijiandaa kama tunavyojiandaa kwetu. Nilinunua mchele, maharage, mafuta na mishumaa. Nilijaza maji kwenye beseni kubwa la kuogea. Nilimwambia Aline alete watoto walale kwangu, ingawa nina chumba kimoja tu. Akakubali, nadhani ili ninyamaze. Kazini nilimwomba mkubwa wangu ruhusa ya Ijumaa, nikamweleza ni siku ya matokeo ya uchaguzi. Aliniuliza, "Uchaguzi gani?" Hakujua, mama! Mtu amezaliwa hapa, na mabango yako mpaka mbele ya kiwanda.

Kura zilipigwa Alhamisi. Ijumaa mchana walihesabu kwenye ukumbi wa michezo, na kila mgombea anaruhusiwa kuingia na watu wake wachache. Nilimwambia Asumani sitamwacha aende peke yake. Nikatembea nyuma yake kama mlinzi, na mikono yangu hii.

Mlangoni hakukuwa na askari wenye silaha. Palikuwa na mzee mmoja tu, amekaa, anakula biskuti. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu kibovu polisi watafika saa ngapi.

"Kwani kumetokea nini?" akasema.

"Bado," nikamjibu.

Akanitazama kidogo, akanipa biskuti.

Ndani, kura zilikuwa juu ya meza ndefu, akina mama wanazihesabu, na watu wa vyama vyote wamesimama mbele yao wanaangalia. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi sikuangalia kura, niliangalia milango. Kulikuwa na mitatu, nikachagua wa nyuma, karibu na pale tulipoacha gari.

Halafu mwanamke mmoja akapanda jukwaani, akasoma majina kama mtu anayesoma bei za nyanya. Asumani alikuwa wa pili. Aliyeshinda ni mzee mmoja wa miwani, zamani fundi wa mabomba, ambaye amekalia kiti hicho miaka mingi. Watu wake wakapiga makofi. Nikamshika Asumani mkono.

"Twende. Mlango uko nyuma."

"Yaya, niache. Lazima nimusalimie."

"Umusalimie nani? Mutu amekushinda sasa hivi!"

"Njo maana namusalimia. Yaya, tulia, hapa haiko kwetu."

Kabla sijamvuta, yule mzee wa miwani alikuwa tayari anakuja na watu wake. Nikajiweka katikati. Mama, yule mzee alidhani mimi ndiye ninayetaka kumsalimia wa kwanza! Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema asante kwa kuja. Nikasema asante na mimi. Kisha akamgeukia Asumani: "Kijana, umenitoa jasho. Kwa habari ya panya umesema kweli. Njoo ofisini tuongee." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa bado na biskuti mkononi.

Nje, maduka yote yalikuwa wazi. Watu wanangoja basi, mwanamke anavuta mbwa wake. Nilitafuta hata mtu mmoja anayekimbia, sikumwona.

Tulipoingia kwenye gari, Asumani aliendesha kidogo, halafu akasimama pembeni ya barabara, akaanza kulia. Nilishtuka, nikageuka haraka kuangalia nyuma kama tunafuatwa. Hakuna kitu.

"Iko nini? Wamekuambia kitu?"

"Hapana, yaya. Nilitaka kushinda. Nilipiga hodi nyumba zote zile, na mvua ile yote."

Basi. Ni hilo tu. Alilia kwa sababu alishindwa, mama, hakuna sababu nyingine. Tonton Salumu hakupata hata nafasi hiyo, alikuwa anakimbia. Nikamwacha alie mpaka akatosheka. Sitakudanganya: yeye akiwa analia, mimi moyo ulikuwa mwepesi kuliko siku yoyote tangu nifike nchi hii.

Aline alitupikia ule mchele niliouweka akiba. Anasema tutakula vita vyangu mpaka Ramadhani.

Sasa sikia neno moja, na usimkaripie Zaina kwa kulisoma. Asumani anataka kugombea tena. Ameniomba nikuulize mimi, anaogopa kukuuliza mwenyewe. Mwanzo nilikuwa upande wako kabisa. Leo siko tena upande huo. Sisemi ukubali. Nakuomba umpigie, umpe pole ya kushindwa kama anavyopewa mtu yeyote aliyefanya kazi ikakataa, halafu umsikilize. Hajapata pole yako bado, na anaitaka kuliko kile kiti.

Nisalimie shangazi yetu Mwavita, muuza samaki, na watoto wake wote. Nisalimie fundi cherehani wetu pale jirani, mwambie suruali aliyonishonea bado haijapasuka. Tonton Salumu umsomee barua hii yote, hata pale ninapomtaja. Na Zaina, dada yangu, asante kwa sauti yako.

Usiku huu lala, mama. Wanao wawili wa huku wanalala salama.

Mimi mwanao,
Ramazani