Eliza amerudi kwenye sinia

Jumatano, Nzuguni. Upepo umepiga tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Mgongo unauma kwa kubeba zege. Lakini leo siwezi kulala bila kuandika.

Kule nyumbani, binti yangu amekula sinia moja na watoto wenzake!

Eliza ana miaka mitano. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na udenda unamtoka kutwa nzima. Wenzake walilalamika kwamba unadondokea kwenye mboga, ndipo mama yangu akaanza kumpakulia pembeni, kwenye kibakuli chake. Kwetu Kasulu mtoto anayekula peke yake ama anaumwa ama amefanya kosa. Eliza hakufanya kosa lolote.

Nikiri ujinga wangu. Nilipokwenda likizo nilimtengenezea kiti kifupi cha mbao, nikakilaza nyuma, kama tunavyolaza sakafu ya bafu ili maji yaelekee kwenye tundu. Niliwaza udenda utarudi kooni wenyewe. Mtoto akapaliwa mpaka macho yakamtoka.

Niliogopa sana, nikamkimbiza hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakunicheka. Alisema mate ya Eliza si mengi kuliko ya wengine, ila hakumbuki kuyameza. Akae wima, miguu ikanyage, kidevu kisiinamie kifuani. Akumbushwe kumeza, ndipo afutwe, tena kwa kugusagusa, si kusugua. Siku hiyohiyo nikanyoosha kiti, nikaongeza ubao wa miguu, kisha likizo ikaisha, nikarudi huku kazini.

Miezi mitatu mke wangu amesema "meza, mama" mpaka sauti imemkauka.

Leo mchana akapiga simu.

"Baba Eliza, umekaa?"

"Nimekaa kwenye ndoo. Kuna nini?"

"Bibi yake mwenyewe kamwita! Kasema, 'Eliza, sogea, hawa watakumalizia dagaa.' Akaliinua sinia juu ya kigoda ili asiiname."

"Na udenda?"

"Umetoka mara mbili tu. Mara nyingine anameza kabla sijasema."

Nikapiga yowe. Fundi akageuka juu ya jukwaa. "Vipi, mkeka wako wa kubeti umetiki?"

"Mwanangu kala dagaa!"

"Wangu anakula kila siku, mbona sipigi kelele?"

Nikacheka tu.

Najua shati lake bado linalowa. Najua safari ni ndefu. Ila mke wangu anasema chakula kilipoisha wenzake walikimbia kunawa, Eliza akabaki ameshika ukingo wa sinia, hataki litolewe.

Miezi yote ile akila pembeni, alikuwa anatuwazia nini?